Kuhamia Unguja au Pemba: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake

Nyumbani kwetu tunapangisha vyumba hapa mjini Unguja, na upande wa mama ni Pemba, kwa hiyo walimu, manesi, wapishi wa mahoteli na wafanyabiashara kutoka Bara, Kenya, Uganda mpaka Congo wanapita sana kwetu na wanauliza yale yale. Nimeyaweka pamoja yale yanayorudi rudi. Lugha tunaelewana, lakini kuelewana lugha siyo kuyajua maisha ya mahali, na wengi wanaopata tabu huku wanaipata hapo hapo.

## Kabla hujapanda boti

Mimi Mtanzania wa Bara, nahitaji pasipoti kuja Zanzibar?

Hapana, nchi ni moja. Ila bandarini Malindi, hii ya hapa mjini Unguja, na uwanja wa ndege kuna ukaguzi, kwa hiyo beba kitambulisho chenyewe, usitegemee picha iliyoko kwenye simu. Mizigo nayo inakaguliwa, TV mpya, friji au mzigo wa biashara unaweza kuulizwa ushuru hata kama ulikwishalipa upande mwingine, risiti ziweke karibu usizitupe.

Na Mkenya au Mganda je?

Beba pasipoti yako, visa huhitaji. Kufanya kazi ndo jambo jingine. Uhamiaji ni mambo ya Muungano lakini kazi siyo ya Muungano, maana yake kibali cha kazi ulichopewa Bara huku hakikusaidii, lazima upate cha Zanzibar na muajiri wako ndo wa kuanza hizo mbio. Ukiambiwa "wewe anza tu kibali kitafuata", kataa. Likija suala la ukaguzi anayerudishwa kwao ni wewe, siyo yeye.

Nije na boti au ndege?

Wengi tunapanda boti, zile za kasi kutoka Dar ni kama saa mbili, ndege ni dakika ishirini na kitu lakini na bei yake. Kipindi cha upepo wa kusi, tuseme kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, bahari inachafuka na safari ya Pemba ndo ngumu zaidi, kula kidogo kabla ya kupanda na ukae chini upande wa nyuma.

Kitu kimoja nakisisitiza: usipande chombo kilichojaza kupita kiasi, na usikubali kuvushwa usiku na jahazi la mizigo kwa sababu nauli ni rahisi. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo, na meli ya Skagit ikafuata Julai 18, 2012 ikitokea Dar. Watu wa huku wamezika ndugu zao kwa ajili ya mambo haya, kwa hiyo ukimuona mzee anakataa kupanda na anasubiri chombo cha kesho, subiri naye.

## Nyumba, umeme na sheha

Sheha ni nani, na mbona kila mtu ananiambia niende kwake?

Sheha ndo mkubwa wa shehia, serikali ya chini kabisa iliyo karibu na wewe. Ukitoka Bara utamfananisha na mwenyekiti wa mtaa ila huyu anateuliwa, hachaguliwi. Kazi yake moja kubwa ni kujua nani anaishi katika shehia yake, kwa hiyo wiki ile ile ya kwanza nenda na mwenye nyumba wako, chukua kitambulisho na picha ndogo, jitambulishe, sema unafanya kazi wapi na unakaa na nani.

Wageni wengi wanaona wanachunguzwa. Mimi nawaambia muone upande wa pili: barua ya sheha utaitaka benki, utaitaka kumuandikisha mtoto skuli, utaitaka kwenye kitambulisho cha mkaazi, na siku ukigombana na jirani au ukaibiwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni sheha wako anakujua? Sasa akisema hamjui mtu huyu, kila kitu kinakuwa kizito. Nimeona watu wazima na kazi zao nzuri wanahangaika wiki nzima kwa barua ya mistari mitatu kwa sababu hawakuwahi kupiga hodi pale.

Kodi inalipwaje na nikae wapi?

Kwa miezi, mara nyingi sita kwa mpigo, wengine wanataka mwaka. Mji Mkongwe unavutia na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ndo maana huwezi kubomoa wala kuongeza kitu hovyo hovyo, na nyumba za zamani mvua za masika zinavuja. Wafanyakazi wengi wanakaa Ng'ambo, Amani, Fuoni, Kiembesamaki au Bububu. Andikishaneni mkataba, na uangalie maji yanatoka saa ngapi kabla hujatoa pesa, siyo baada.

Naweza kununua umeme kama ninavyonunua LUKU, ule wa kulipia kabla wa Bara?

Kununua kwa simu ndio, lakini shirika ni jingine, huku ni ZECO siyo TANESCO, na token ya Bara haiingii kwenye mita ya huku. Umeme wenyewe unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kutokea Dar na Pemba kutokea Tanga tangu 2010. Waya wa Unguja uliwahi kuharibika 2008 tukakaa kama mwezi, kisha tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu bila umeme kisiwa kizima, visima havipandi maji, biashara za barafu na samaki zimekufa. Baadaye ukawekwa waya mkubwa zaidi na sasa hali ni nzuri, ila ukikuta nyumba ya mtu mzima haikosi taa ya akiba na tangi la maji usishangae.

Daladala zikoje?

Zina namba, 502 Bububu, 505 uwanja wa ndege, zimejaa lakini za heshima. Mtoto wa mtu usiyemjua atakaa mapajani kwako, mpakate, ndo kawaida. Mzee akipanda unainuka.

## Kuishi na watu

Nisalimie vipi nisionekane sina adabu?

Salimia kwanza, hilo ndo la kwanza na la mwisho. Huwezi kuingia dukani ukasema "nipe sukari nusu", utapewa lakini utakuwa umeshahesabiwa. Salamu aleikum au habari za asubuhi, mzima, watoto hawajambo, halafu ndo sukari. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo, na yale ya "mambo vipi" yaache kwa wa rika lako. Ukipita barazani palipokaa wanaume wanakunywa kahawa wanacheza bao au dhumna, salimia wote kwa pamoja hata kama humjui mmoja. Wale ndo watakaojua kama mtu mgeni anazunguka mlango wako usiku.

Majina pia. Mwanamke mtu mzima ni Bi fulani, mwalimu wa madrasa au wa skuli ni Maalim, jirani mwenye umri wa baba yako mwite mzee au ami. Kumuita mtu mzima jina tupu ni kama kumvua nguo mbele za watu.

Nikienda kwa mtu niingie tu mlango ukiwa wazi?

Usiingie. Mlango wazi ni wa upepo. Piga hodi, simama pembeni usitazame ndani, ngoja ukaribishwe, na ukishapiga hodi tatu kimya, ondoka bila kununa. Viatu unavua mlangoni. Kama wewe mwanamume na baba mwenye nyumba hayupo, ujumbe wako useme hapo hapo nje au rudi baadaye, hata kama mke wake mnafanya kazi ofisi moja. Hili vijana wa kutoka Nairobi na Dar linawapa shida mno, wanaona kama hawaaminiwi. Siyo suala la kuaminiwa, ni kumlinda yule mama na maneno ya watu, wewe utahama na yeye atabaki mtaani.

Wananikaribisha chakula kila nikipita, nikubali?

Anayekula lazima amkaribishe anayepita. Ukiitwa mara moja huku mtu anaendelea kula, shukuru sema umekula alhamdulillah. Ukivutiwa mkeka au ukashikwa mkono, kaa, nawa, kula japo matonge mawili kwa mkono wa kulia upande ulio mbele yako kwenye sinia, usivuke kwenda kuchukua pande la samaki la mwenzako.

Jirani akikuletea sahani ya kitu, ndizi za nazi, mkate wa kumimina, sahani hairudi tupu. Siyo lazima upike, hata maembe mawili au pakti ya tende yanatosha. Ukiirudisha tupu mara mbili tatu hakuna atakayekusema, ila sahani itakoma kuja.

Nguo?

Mtaani na sokoni mwanamke mabega na magoti yafunikwe, dera na mtandio vinatosha, baibui siyo lazima kama si Muislamu. Mwanamume asitembee kifua wazi wala bukta fupi nje ya ufukwe. Nungwi, Kendwa na Paje mahotelini watu wanavaa wanavyotaka, lakini kijiji kiko nyuma ya hoteli hatua chache na pale ni watu na watoto wao. Na pale Paje na Jambiani bahari ikipwa, zile kamba na vijiti ufukweni ni mashamba ya mwani ya kina mama, wamelima hivyo tangu miaka ya mwisho ya 1980, usikanyage kwa ajili ya picha.

Kweli Wazanzibari hawapendi watu wa Bara?

Nitasema ukweli kama nnavyouona. Utani upo, na maneno ya kuudhi utayasikia siku moja moja. Nyuma yake kuna mambo ya kweli: kazi za mahoteli ambazo vijana wa vijiji wanaona zinakwenda kwa wengine, na siasa za miaka mingi (soma pia swali la siasa huko chini). Lakini mtu mmoja mmoja hahukumiwi kwa alikotoka, anahukumiwa kwa anavyoishi. Kuna fundi kutoka Mwanza mtaani kwetu, si Muislamu, akiumwa nyumba nne zinampikia uji. Na kuna mwingine wa karibu tu, wa Tanga, Muislamu, kapita hapa hakuna aliyesikitika alipohama kwa sababu alikuwa haamkui mtu na mziki wake ulikuwa haupungui hata adhana ikiadhiniwa.

## Dini na Ramadhani

Mimi Mkristo, nitapata pa kusali?

Utapata. Mjini kuna kanisa la Minara Miwili la Wakatoliki na lile la Mkunazini la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na mengine madogo. Pemba ni machache, ulizia Chake Chake au Wete. Hakuna atakayekuuliza kwa nini huendi msikitini, ila Ijumaa mchana usipange kikao wala usitegemee fundi, na maduka mengi ya mitaani yanafungwa.

Ramadhani nisiyefunga nifanyeje?

Kula ndani. Hadharani mchana usile, usinywe hata maji, usivute sigara, wala usitafune bazoka kwenye daladala. Siyo adabu tu, polisi wamewahi kukamata watu kwa kula hadharani, na migahawa ya mtaani inafungwa mpaka magharibi, ya mahotelini ndo inabaki kwa wageni. Panga chakula chako usiku, chemsha, weka kwenye chupa na hotpoti, kazini omba chumba cha ndani. Mavazi nayo yazidi kuwa ya staha mwezi huo, na mziki nje hakuna.

Lakini wageni wanaishia hapo kwenye makatazo na wanakosa uzuri wake. Jua likikaribia kuchwa mtaa mzima unanukia, muhogo wa nazi, tambi, shelisheli, sambusa, uji wa pilipili manga, na sahani zinaanza kuvuka barabara. Ukikaribishwa futari nenda, hata kama hukufunga, hakuna atakayekukagua. Peleka tende au tikiti. Usiku watu wako nje mpaka saa nane, watoto wanacheza, wanawake wanatembeleana baada ya tarawehe, zile swala za usiku za Ramadhani, mji unakuwa hai kuliko mwezi wowote. Ukiwa mpweke huku ugenini, huo ndo mwezi wa kupata watu, usijifungie.

Kwa nini majirani wawili wanasherehekea Idi siku tofauti?

Wapo wanaofuata mwezi uliotangazwa hapa na Mufti, na wapo wanaofuata ukionekana popote duniani. Unampa kila mtu mkono wa Idi siku yake na huulizi nani yuko sahihi. Sikukuu ni siku nne, watoto wanavaa vipya na wanakwenda viwanjani, weka pesa ndogo ndogo za kuwapa maana watapita mlangoni kwako.

## Harusi, misiba na sherehe

Nimealikwa harusi, niende na nini?

Wanaume wanakwenda nikahi, yaani kufungwa ndoa yenyewe, inachukua muda mfupi, unakula halua unakunywa kahawa unaondoka. Wanawake wana shughuli yao peke yao, hina, piko, nguo za kupendeza na taarabu, na humo picha za simu hazipigwi kwa sababu watu wamevua mitandio. Picha moja ukiirusha mtandaoni imevunja urafiki wa mtaa mzima.

Jirani kafiwa, mimi mgeni tena si Muislamu, nifanye nini?

Nenda. Katika mambo yote ya ukurasa huu hili ndo ningependa ulishike hata ukisahau mengine.

Maziko yanakuwa haraka, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo huwezi kusema nitapita wikiendi. Ukisikia, acha ulichonacho. Wanaume wanakaa nje au msikitini, wanawake wanaingia ndani. Mwanamke jifunike kichwa na kanga, ingia kimya, kaa chini kwenye mkeka. Huhitaji maneno mengi, mkono wa pole na kukaa. Wakiswali wewe kaa pembeni subiri. Jeneza likitoka wanaume wanapokezana kulibeba, na hata mpita njia asiyemjua marehemu anaingia bega hatua kadhaa, na wewe ukitaka kufuata mpaka makaburini fuata nyuma.

Kinachosaidia zaidi ya maneno ni kazi. Chota maji, leta viti, toa chumba chako wageni wa kutoka shamba au Pemba walale, peleka mchele, sukari au pesa kidogo kwa mtu wa nyumba bila kutangaza. Siku ya hitma, kisomo cha kumuombea marehemu, rudi tena. Na mke aliyefiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki hovyo wala hapokei wanaume, kwa hiyo usimpigie simu kumuuliza lini anarudi kazini.

Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, naruhusiwa kwenda?

Nenda Makunduchi, mwezi wa saba. Wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba, na kila nyumba inapenda iwe na mgeni siku hiyo, kwa hiyo wewe mgeni ndo unatafutwa.

## Pemba

Nimepangiwa kazi Pemba, tofauti yake ni nini?

Utulivu. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773 na wa Pemba hawafiki theluthi, watalii wachache, miji ni Chake, Wete na Mkoani, vilivyobaki ni vilima, mikarafuu na vijiji. Starehe za mjini ukizizoea utaumia miezi ya mwanzo, kisha utazoea. Watu wanajuana zaidi, kwa hiyo yote niliyoyasema kuhusu sheha, salamu na hodi huku yazidishe. Maisha rahisi, samaki rahisi, na mtu akikukubali anakukubali na ukoo wake wote. Wakikualika mchezo wa ng'ombe, fahali anachezewa uwanjani, nenda ila simama karibu na mti wa kukimbilia.

Naweza kununua karafuu nikauze kwetu?

Hapana, usijaribu. Karafuu inanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuivusha kimagendo ni kosa linalokupeleka mahakamani. Ukiona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, punguza mwendo na usizikanyage, hiyo ni ada ya skuli ya mtu.

Na ule uchawi wa Pemba?

Hili swali linaulizwa na kila anayepangiwa huko na wengine wanakataa kazi kwa ajili yake. Wapo waganga kama walivyo Tanga, Sumbawanga na kwengineko, na wapo maelfu ya watu wanaoamka alfajiri, wanaswali na wanakwenda shamba. Usilifanye mazungumzo na mwenyeji wako. Wapemba wamelichoka, linawafanya waonekane watu wa kuogopwa, na ni watu waliotulea sisi.

## Mambo ya pembeni

Bia?

Ipo mahotelini na baa chache. Usitembee nayo mkononi mtaani wala usiitupe chupa kwenye jaa la mtaa. Ramadhani isahau.

Nina mbwa, nitapata nyumba?

Ngumu. Mate ya mbwa ni najisi, anayeguswa nayo anatakiwa ajitwaharishe, kwa hiyo majirani wa kupakana ukuta hawatafurahi. Tafuta nyumba yenye uwanja wake nje ya mji, mwambie mwenye nyumba mapema, na usimuachie mbwa barabarani saa za msikiti.

Naweza kuzungumza siasa?

Sikiliza kwa muda mrefu kabla ya kusema. Kuna familia zina kumbukumbu za Mapinduzi ya Januari 12, 1964, kila moja na yake, kuna waliopoteza watu Januari 27, 2001, waandamanaji walipopigwa risasi na polisi, na kuna waliopumua ilipopita kura ya maoni ya 2010 ya serikali ya umoja wa kitaifa. Unaweza kuwa umekaa baraza moja na watu wa pande zote hizo. Wakati wa uchaguzi weka maji na chakula ndani na usivae rangi za chama chochote.

Naweza kununua kiwanja?

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, na haki ya kuitumia ni ya Mzanzibari. Mgeni anapata kwa ukodishaji wa uwekezaji, na Mtanzania wa Bara huku hahesabiki Mzanzibari kwa kuwa Mtanzania tu. Anayekwambia "tuandikishe kwa jina langu pesa zako" ukimpa huna pa kumshitaki ukashinda.

Nimependana na mtu wa huku, tunaweza kuishi pamoja kwanza?

Hapana. Mwenye nyumba atataka cheti cha ndoa, sheha ataulizwa, na atakayebeba aibu zaidi ni mwanamke na wazazi wake. Kama una nia, tuma wazee wakapose. Wasije wenyewe mikono mitupu na wasije bila taarifa, apatikane mtu wa mtaani anayeheshimika apeleke neno kwanza, familia itajibu baada ya kuulizia habari zako na hapo usiwaharakishe. Kama dini ni tofauti, zungumzeni hilo nyinyi wawili kabla ya wazee kupanda boti, kwa sababu ndo swali la kwanza watakaloulizwa wakishanawa mikono.